Jengo Ambalo Halitajengwa: Mwongozo Kamili wa Kukadiria Umeme Unaookolewa na Kanuni za Nishati

Miaka kadhaa iliyopita nilimwahidi mwenye jengo mmoja hapa Dar kwamba mchoro wetu mpya ungempunguzia umeme kwa asilimia 40. Mwaka ulipoisha akaniita ofisini kwake, akazipanga bili kumi na mbili mezani kama karata. "Injinia, hizo asilimia 40 zako ziko wapi? Mimi naona karatasi tu."

Mahesabu ya joto yalikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kwenye saa. Nilichukua saa 4,000 za kazi kwa mwaka zilizokuja na programu, sikuuliza. Kumbe sakafu mbili zilikaa bila mpangaji, na sakafu tupu haiokoi umeme kwa sababu haiutumii.

Siku ile ndipo niliposhika jambo ninalowaambia vijana wanaoanza kazi hii. Kiasi kinachookolewa ni tofauti kati ya majengo mawili. La kwanza ni lile ulilochora. La pili ni lile ambalo lingejengwa kama kanuni za nishati, yaani masharti ya ujenzi yanayobana matumizi ya umeme, zisingefuatwa, na hilo halitajengwa kamwe. Mita ya TANESCO itapima la kwanza. La pili linaishi kwenye jedwali lako la Excel tu, na ukiliumba vibaya, hata mahesabu mazuri namna gani hayatakuokoa.

Kanuni zenyewe

Mteja wa Dar mara nyingi atakutajia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ASHRAE 90.1 ya chama cha wahandisi wa AC cha Marekani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1975, baada ya mafuta kupanda bei duniani, na ambayo imekuwa ikikazwa toleo baada ya toleo. Ya pili ni EDGE, mfumo wa vyeti vya majengo wa shirika la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia. Hiyo inadai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya mzigo wa kutengeneza vifaa vya ujenzi (zamani ulipimwa kwa nishati, sasa kwa kaboni), ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo hilo. Programu yake iko mtandaoni bure. Kwa jengo kubwa utahitaji EnergyPlus, nayo ni ya bure, inayoigiza jengo kwa saa zote 8,760 za mwaka. Lakini fanya kwanza hesabu ya mkono kama nitakayoonyesha hapa. Asiyeweza kukisia jibu kabla ya kompyuta hawezi kujua kompyuta imekosea lini.

Hatua ya 1: Unda jengo la kulinganishia, kwa uaminifu

Tuchukue mfano. Ofisi ya sakafu nne, kila sakafu mita za mraba 500, upande wa Mikocheni wa Barabara ya Bagamoyo. Uso wake mrefu, mita 25, unatazama barabara, yaani magharibi. Mwenye jengo anataka uso huo uwe wa kioo kwa asilimia 60, "uonekane wa kisasa". Kuta nyingine tatu zina kioo asilimia 30.

Swali ni moja tu: mkandarasi wa kawaida angejenga nini hapa mwaka huu? Angeweka kioo cheupe cha milimita 6, paa la zege bila kizuia joto, na AC za ukutani zenye ufanisi wa 2.8. Ufanisi ni hivi: AC ya BTU 12,000 inaondoa kilowati 3.5 za joto. Kibandiko chake kikisema inakula kilowati 1.25 za umeme, gawanya, utapata 2.8.

Mtego mkubwa uko kwenye taa. Toleo la 2007 la ASHRAE 90.1 liliruhusu ofisi wati 10.8 kwa kila mita ya mraba. Ukilinganisha na namba hiyo utapata "akiba" kubwa sana bila kufanya lolote, kwa sababu Kariakoo nzima sasa inauza LED na hakuna fundi anayefunga tena zile tyubu nene za zamani. Toleo la 2019 lenyewe limeshuka hadi kama wati 6.9. Mimi kwenye jengo la kulinganishia ninaweka wati 9: LED, lakini zimefungwa ovyo bila kupimwa mwanga. Akiba ambayo soko limeshaileta usijiandikie wewe.

Hatua ya 2: Jua la Dar

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapokopa namba za nchi za baridi.

Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki upande wa kusini. Mwezi Juni mchana linasimama kama nyuzi 60 juu ya upeo wa kaskazini. Desemba ni kama nyuzi 73 upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha la urefu wa mita 1.5 linahitaji kivuli cha zege kilichotokeza sentimita 87 upande wa kaskazini, na sentimita 45 tu upande wa kusini, ili jua la mchana lisiguse kioo. Wachoraji wengi huweka sentimita 60 kila upande, basi wamemaliza.

Magharibi kivuli cha juu hakisaidii kitu. Saa kumi jioni jua limeshainama na linaingia moja kwa moja hadi kwenye meza. Ukitaka ushahidi, pita jioni barabara yoyote yenye maofisi ya vioo uangalie juu: utaona makaratasi ya manila, maboksi yaliyokunjuliwa, hata khanga, vimebandikwa kwa ndani na wafanyakazi. Wale wamefanya hesabu ya joto kwa mgongo wao. Huko unahitaji vibao vya wima, miti, au kioo kidogo zaidi. Beda Amuli alipolisanifu Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970 aliweka miamvuli ya zege juu ya watu na akaacha hewa ipite. Hakuwa na jedwali la kanuni mkononi.

Sasa tazama jambo hili kwenye mfano wetu. Kuta zote pamoja ni mita za mraba 1,188, na kioo chote ni mita 455, yaani asilimia 38. Njia ya mkato ya ASHRAE 90.1 ina kikomo cha asilimia 40. Jengo limepita! Na bado uso wa magharibi ni tanuri. Wastani wa jengo zima hausemi kioo kimekaa upande gani, kwa hiyo hesabu kila uso peke yake.

Kanuni ya hesabu ni rahisi: eneo la kioo, mara nguvu ya jua inayopiga uso huo kwa mwaka katika saa za kazi, mara sehemu ya joto inayopenya kioo. Sehemu hiyo huandikwa SHGC kwenye karatasi ya kiwanda. Kioo cheupe ni kama 0.8. Kwa ukanda wa joto kali, matoleo ya 2007 na 2010 ya ASHRAE yalidai isizidi 0.25, lakini kwenye mfano ninaweka 0.4, kioo ambacho mteja atakubali kukilipia. Kwa jua ninachukua uniti (kilowati-saa, kama zile za bili) 650 kwa mita ya mraba mashariki na magharibi, na 450 kaskazini na kusini. Hizi ni namba za mfano. Zako zitoke kwenye faili la hali ya hewa la Dar.

Jengo la kulinganishia: magharibi mita 198, mashariki 99, kaskazini na kusini pamoja 158. Jumla ni uniti 211,300 za joto kwa mwaka. Mchoro wetu: kioo cha magharibi kinashuka hadi asilimia 30, mita 99, na vioo vyote ni vya 0.4. Jumla inakuwa 79,900. Katika tofauti yote hiyo hatujagusa AC hata moja.

Hatua ya 3: Saa

Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumamosi hadi saa saba mchana. Hiyo ni saa 55 kwa wiki. Kwa wiki 50 unapata saa 2,750. Muulize meneja wa jengo, usiiulize programu. Muulize pia nani anabaki usiku, na sakafu ngapi zina wapangaji.

Hatua ya 4: Joto lililobaki

Paa. Zege tupu lenye sakafu ya saruji juu yake hupitisha kama wati 3 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Jua likilipiga, uso wa juu unakuwa kana kwamba nje kuna joto kubwa zaidi. Nachukua wastani wa nyuzi 12 juu ya joto la ndani. Mita 500 kwa saa 2,750 zinatoa uniti 49,500. Ukiweka povu la kuzuia joto la sentimita 5, wati 3 zinashuka hadi kama 0.6, na uniti hadi 9,900. Kumbuka kwamba paa hili linafunika sakafu nne. Nyumba ya chini ya bati kule Mbezi ingekuwa na hadithi nyingine kabisa. Huko paa ndilo kila kitu.

Kuta za tofali na joto linalopita kwenye kioo bila jua: nimepata kama 67,000 kwa majengo yote mawili. Tofauti haikufika 4,000, nikaiacha. Anayekuuzia kizuia joto cha kuta za Dar akufanyie kwanza hesabu hii.

Watu 150, kila mmoja akitoa kama wati 130, kwa uwepo wa asilimia 70: uniti 37,500. Kompyuta na vifaa vingine katika saa za kazi: 41,250.

Halafu kuna hewa safi. Lita 8 kwa sekunde kwa kila mtu ni mita za ujazo 1.2 kwa sekunde. Nje nyuzi 29 na unyevu asilimia 70. Ndani nyuzi 24 na unyevu asilimia 55. Mzigo wake ni kama kilowati 35, au uniti 96,000 kwa mwaka. Katika kila wati 10 za mzigo huo, karibu 8 zinakwenda kukausha unyevu wala si kupoza. Ndiyo maana matone yanadondoka kwenye mabomba ya AC zetu kutwa nzima, na ndiyo maana dirisha linaloachwa wazi Februari linagharimu kuliko hesabu ya nyuzi peke yake inavyoonyesha. Kwenye mfano hatujaibadilisha, ni sawa kwa majengo yote mawili.

Hatua ya 5: Taa, kisha AC, kwa mpangilio huo

Taa za jengo la kulinganishia: wati 9 mara mita 2,000 ni kilowati 18. Kwa saa 2,750 na matumizi ya asilimia 80 unapata uniti 39,600. Mchoro wetu: wati 6, pamoja na vihisio mwendo na swichi tofauti kwa safu ya taa za dirishani, matumizi asilimia 65: uniti 21,450.

Umeme wote wa taa huishia kuwa joto. Kwa AC ya ufanisi wa 2.8, kila uniti 100 ulizookoa kwenye taa zinakuondolea nyingine kama 36 za AC. Usizisahau, na usizihesabu mara mbili.

Jumlisha joto lote. Jengo la kulinganishia linapata uniti 542,150, la mchoro 353,000. Gawanya kwa ufanisi. La kulinganishia: 542,150 kwa 2.8 ni uniti 193,600 za umeme. La mchoro, lenye AC za 3.6: karibu 98,060. AC zetu zimeokoa 95,540.

Sasa akija muuza AC, atakuambia mashine zake peke yake zitaokoa 43,000. Kwa jengo la kulinganishia anasema kweli, kwani 542,150 kwa 3.6 ni kama 150,600. Lakini kioo, paa na taa zikishapunguza joto, mashine zilezile zinaokoa 28,000 tu, maana kazi imeshapungua. Muuza kioo naye atadai 67,500, yaani joto lililopungua ukiligawa kwa 2.8, zote ni zake na za wenzake wa paa na taa. Ukijumlisha madai yao unapata 110,500, zaidi ya akiba halisi kwa uniti 15,000. Akiba hizi hazijumlishwi kama vyombo vya harusi. Piga hesabu ya jengo zima mara mbili, kisha utoe moja kwenye nyingine.

Hatua ya 6: Jumla

Vifaa, pamoja na seva na friji zinazowaka usiku kucha, vinakula uniti 59,280. Pampu na lifti 12,000. Kwenye mfano hatujavigusa, na viko sawa pande zote mbili. Kwa hiyo, ukijumlisha na AC na taa:

Kulinganishia: uniti 304,480, yaani 152 kwa mita ya mraba.
Mchoro: uniti 190,790, yaani 95 kwa mita ya mraba.
Akiba: uniti 113,690, asilimia 37.

Andika daima asilimia hiyo ni ya nini. Ukigawa akiba ya AC kwa umeme wa AC peke yake unapata asilimia 49, na nimeshaona vipeperushi vinavyotumia namba hiyo kana kwamba ni ya bili nzima.

Hatua ya 7: Shilingi

Hapa wahandisi wengi hutumia bei wanayoijua kutoka Luku ya nyumbani. Jengo hili linakula zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, hivyo linaingia daraja la T2 la bei za TANESCO. Kwa bei zilizotangazwa 2016, T1, daraja la matumizi ya kawaida, ilikuwa shilingi 292 kwa uniti, T2 ilikuwa 195, pamoja na shilingi 15,004 kwa mwezi kwa kila kVA (kipimo cha umeme unaovutwa kwa wakati mmoja) ya kilele cha matumizi. Kwa 292 ungemwahidi mteja milioni 33 kwa mwaka. Kwa 195 ni kama milioni 22, kabla ya kodi na tozo.

Ila ongeza kilele. Tukichukua kwamba kilele kimeshuka kVA 50, hiyo ni karibu milioni 9 nyingine kwa mwaka, ambayo hesabu ya uniti peke yake haiioni. Jumla inakuwa kama milioni 31. Kabla ya kuandika chochote, omba bili halisi ya jengo la jirani linalofanana na lako, usome daraja lake na bei za sasa.

Kisha muulize mkadiriaji majenzi bei ya AC zilizopungua. Joto lililoshuka linamaanisha mashine chache, waya mwembamba na jenereta ndogo. Mara nyingi pesa ya kioo kizuri inapatikana hapo, siku ya ununuzi, kabla bili ya kwanza haijaja.

Hatua ya 8: Punguza kabla maisha hayajakupunguzia

Mchoro si jengo. Kioo cha 0.4 kitachelewa bandarini, na mkandarasi ataomba kuweka "cha giza, ni kilekile", nacho kitakuwa 0.6. Vihisio mwendo vitazimwa kwa sababu mtu alibaki gizani chooni. Mashine za nje za AC zitabananishwa kwenye kona zikipuliziana joto, na ufanisi utakuwa 3.2.

Rudia hesabu kwa mabaya hayo matatu kwa pamoja. Jengo linakula kama uniti 222,000, na akiba inashuka hadi 82,500, asilimia 27. Kwa hiyo kwenye ripoti ninaandika asilimia 27 hadi 37, na nafafanua kinachoweza kuisogeza. Mwenye jengo akiona kwamba kioo na vitu vingine viwili tu ndivyo vinavyobeba pointi kumi nzima, ataenda mwenyewe kusoma kibandiko cha kreti saiti.

Ukiombwa kukadiria majengo mengi, mji au taasisi yenye matawi, kanuni ni ileile: eneo jipya, mara tofauti ya uniti kwa mita, mara sehemu ya majengo ambayo kweli itafuata. Tuseme mita 100,000, uniti 57, na asilimia 40 wanafuata: uniti milioni 2.28. Watu hubishana sana juu ya ile 57 wakati 40 ndiyo waliyoikisia.

Hatua ya 9: Mita

Usipime kwa kulinganisha bili ya Machi na ya Julai. Julai upepo wa kusi unavuma na usiku unashuka hadi kama nyuzi 19 au 20. Hata jengo bovu litaonekana limeongoka. Chukua mwaka mzima, kisha rudi kwenye jedwali la kulinganishia uweke humo saa halisi, wapangaji halisi na hali ya hewa ya mwaka huo. Ndivyo nilivyomaliza na yule mzee wa bili kumi na mbili: nilipoondoa sakafu zake tupu kwenye majengo yote mawili, akiba ilitoka asilimia 29. Hakufurahi, lakini aliacha kusema ni karatasi tu.

Na weka mita ndogo tatu: AC, taa, na soketi. Ziandike kwenye mchoro wa umeme mapema, bodi zikiwa bado zinaundwa. Dari ya jipsamu ikishafungwa, fundi atakudai mara tatu, na mteja atasema tutaziweka mwakani.